Sisaini

Kama wewe ni binti wa mwenye shamba, kuna karatasi itakufikia siku moja. Yangu ilinifikia kwa WhatsApp, kwenye grupu ya familia, kati ya picha za mtoto wa binamu na tangazo la harambee. Ni fomu ya mahakama, ya kesi ya mirathi. Inasema kwamba mimi, mtoto wa marehemu, nimekubali kaka zangu wapewe usimamizi wa mali, na kwamba sehemu yangu nimeiachilia. Chini yake kulikuwa na ujumbe mfupi: wasichana wasaini, wapige picha, warudishe kabla ya Ijumaa.

Sisaini. Na kwa vile najua wengi wenu mnaosoma hapa mna fomu kama hiyo kwenye simu, au mtakuwa nayo, au kaka yenu ndiye anayeituma, wacha niseme kwa nini.

Baba alituachia ekari nne na nusu huko Sigowet, kaunti ya Kericho. Mbili ni chai. Zilizobaki ni mahindi, malisho ya ng'ombe watatu na boma lenyewe. Alituacha sisi pia: mama, wavulana wawili, wasichana watatu. Pendekezo lililoko mezani ni shamba likatwe mara mbili, kila kaka achukue nusu, mama "aangaliwe", na sisi wasichana tuwe tukija Krismasi tukaribishwe vizuri. Hilo la mwisho lilisemwa kwa upole, kama zawadi.

Mtu asiyeijua Sigowet anaweza kudhani ekari nne na nusu ni kitu kidogo cha kugombania. Huku juu mvua hunyesha karibu mwaka mzima na chai huchumwa tena na tena bila msimu wa kupumzika. Ukiteremka upande wa Soin chai inaisha, joto linaanza, unakutana na miwa. Chai ikitunzwa hulipa kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka inakuja bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo tenki la maji. Kwa familia nyingi za hapa hakuna mali nyingine. Hakuna nyumba ya kupangisha, hakuna hisa, hakuna pensheni. Ukiwa nje ya shamba uko nje ya kila kitu.

Sasa angalia ni nani anayeitunza hiyo chai. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, wanaoingia na vikapu wengi ni akina mama na mabinti. Majani mawili na chipukizi, mkono baada ya mkono, mpaka mgongo ukatae. Kisha kikapu kinabebwa hadi kituo cha kupimia, na kungoja lori la kiwanda kunaanza. Lakini namba ya mkulima ina jina la baba, pesa inaingia kwa akaunti ya baba, na baba akifa namba inahamia kwa mwana wa kiume ambaye pengine mara ya mwisho kushika jani la chai alikuwa darasa la sita. Mgongo ni wa mwanamke, jina ni la mwanaume.

Si kwetu tu. Mwaka 2018 shirika la Kenya Land Alliance lilichambua hatimiliki takriban milioni moja zilizotolewa Kenya kati ya 2013 na 2017. Hati zilizoandikwa majina ya wanawake zilikuwa karibu asilimia 10. Ukipima kwa ukubwa wa ardhi, wanawake walipata asilimia 1.6. Soma tena hiyo namba halafu uniambie nani analalamika sana.

Tuseme sheria kwanza, kwa sababu kuna watu bado wanadhani jambo hili liko kwenye mjadala. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mwanaume mwenye mke mmoja akifa bila wosia, mjane anabaki na haki ya kuishi na kutumia mali hiyo maisha yake yote. Baada yake, mali inagawanywa sawa kwa watoto. Watoto. Haikuandikwa wavulana, wala haikuandikwa wale ambao hawajaolewa. Kwa hiyo huyo mama wa "kuangaliwa" ndiye mwenye haki ya kwanza, na wanaotaka kulikata shamba juu ya kichwa chake wamempora yeye kabla hawajafika kwangu.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 2 kinasema mila yoyote inayopingana na Katiba ni batili. Cha 27 kinakataza ubaguzi wa kijinsia. Cha 60, kinachozungumzia ardhi, kinataka uondolewe ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi na mali iliyo juu yake. Waliokiandika walijua wanazungumza na nani. Walikuwa wanazungumza na sisi.

Na mahakama hazikungoja Katiba hiyo. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, familia moja ya Uasin Gishu ilifika Mahakama ya Rufani. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti kidogo kuliko ndugu zao wa kiume, hoja ikiwa ile ile: wataolewa. Mahakama ya Rufani ikaikataa. Mwaka 2008 Jaji Kalpana Rawal aliamua kuhusu mali ya marehemu Lerionka ole Ntutu wa Narok. Narok ilikuwa kwenye orodha ya wilaya ambazo Sheria ya Urithi iliacha ardhi ya kilimo na mifugo yao chini ya mila. Hata hapo jaji alikataa mila inayowafungia mabinti mlango. Kericho haikuwa kwenye orodha hiyo hata siku moja. Sisi hatukupewa hata hicho kisingizio.

Hapa ndipo mzee mmoja kwenye kikao husafisha koo na kusema: hizo ni sheria za wazungu, sisi tuna mila zetu.

Sawa, mzee wangu, kwa heshima zote, tuongee mila. Hatimiliki ni mila ya nani? Kabla ya karatasi, mali ya Mkipsigis ilikuwa ng'ombe, na malisho yalikuwa ya jamii. Mashamba yalianza kuzungushiwa ua miaka ya 1930, mahindi yalipoanza kuleta pesa. Halafu mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton: ardhi ya Waafrika ipimwe, iandikishwe, iwe na mwenyewe. Walioandikishwa karibu wote walikuwa wanaume, kwa sababu ofisa wa kikoloni alipotafuta mkuu wa familia hakumfikiria mwanamke. Mwaka 1963 sheria ya usajili wa ardhi ikamfanya mwenye jina kwenye hati kuwa mmiliki kamili. Shamba lote, jina moja. Hiyo ndiyo "mila" inayolindwa kwenye hivi vikao, na umri wake haujamzidi kogo wangu.

Kabla ya hapo kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba ilikuwa na ng'ombe wake. Mume hakuwa na ruhusa ya kuchukua tu mali ya nyumba moja akaipeleka nyumba nyingine. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake, akahesabiwa kama mume, ili nyumba yake isife na mali yake isitawanywe. Wazee wanalijua hili vizuri na wanthropolojia waliliandika zamani. Sisemi kulikuwa peponi. Hata hapo urithi ulipitia kwa wavulana. Lakini mila iliyokuwa na akili ya kumgeuza mwanamke akawa mume ili nyumba isipotee, leo inashindwaje kumwona binti aliyesimama mlangoni?

Na mila hiyo hiyo inajua kuhesabu. Siku ya koito wazee wa pande mbili hukaa, mursik hunywewa, ng'ombe hutajwa mmoja mmoja kwa rangi. Ng'ombe wa dada yangu mkubwa waliingia boma letu. Miaka minne baadaye wawili kati yao walitoka tena kwenda kumwolea kaka mke. Leo kaka ana mke na anangojea nusu ya shamba. Dada alileta ng'ombe, na anaambiwa hana chake hapa. Kama hiyo ni hesabu ya wahenga, basi wahenga wamesingiziwa.

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi, na ni la kwetu hasa, watu wa Kericho na Bomet. Sisi tunajua kunyang'anywa. Toka Sigowet kuelekea Kericho mjini na zaidi, utaona chai imelala vilima kwa vilima kama zulia, na si yetu. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ilihesabu ardhi yote kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na wenyeji wapangaji tu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakagawiwa wanajeshi wa Kiingereza. Miaka ya 1920 yakaja makampuni makubwa ya chai. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulikusanywa ukapelekwa Gwassi. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu dhuluma hizo, na mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mimi naunga mkono madai hayo yote. Lakini sikilizeni tunachodai. Tunasema: mtu alikuja na karatasi, akasema ardhi hii ina jina lake, na jasho letu, makaburi yetu na miaka yetu juu yake havikuhesabiwa kitu. Tunasema hatukuulizwa. Tunasema waliotia alama kwa niaba yetu hawakuwa na haki hiyo. Kisha tunarudi nyumbani, tunakaa chini ya mti, na tunamfanyia dada yetu kitu hicho hicho kwa karatasi ile ile. Mzungu angalau alitoka mbali.

Najua majibu. Nimeyasikia yote, mengine kutoka kwa watu ninaowapenda.

"Utaolewa." Ndoa si shamba. Kwa baba naambiwa mimi ni wa kuondoka, kwa mume nitaambiwa mimi ni wa kuja. Huko nako kuna mashemeji wanaohesabu ekari. Na asiyeolewa je? Aliyeachika? Mjane aliyefungiwa lango siku arobaini baada ya mazishi? Kila kokwet ina mwanamke wa namna hiyo, amejengewa chumba kimoja pembeni kabisa, karibu na mto, na watoto wake wanakumbushwa kila wakikosea kwamba hapa si kwao.

"Shamba ni dogo." Ni kweli ni dogo. Ekari nne na nusu kwa watoto watano ni chini kidogo ya ekari moja kila mtu. Lakini kaka zangu wana wavulana watatu kila mmoja. Kata nusu ya shamba mara tatu, unabaki na robo tatu ya ekari. Kwa hiyo hata tukifutwa wasichana wote, kizazi kijacho kitafika pale pale na chini zaidi. Udogo wa shamba ni shida halisi, na dawa yake ipo: chai isikatwe, ibaki moja, mapato yagawanywe. Sheria inaruhusu ndugu kumiliki shamba pamoja, kila mmoja na fungu lake limeandikwa. Anayetaka kubaki amnunue anayetaka kutoka, kwa bei ya soko. Ajabu ni kwamba hesabu ya udogo huanza tu binti akiuliza.

"Ulisomeshwa, elimu ndiyo urithi wako." Kaka zangu walisomea wapi, porini? Karo yao ilitoka kwenye chai ile ile niliyochuma kila likizo.

"Mtauzia watu wa nje." Nenda senta yoyote huku uulize ni nani aliyeuza nusu ekari akanunua bodaboda, na bodaboda iko wapi. Hutasikia jina la msichana, kwa sababu hakupewa cha kuuza. Na kuuza ardhi ya kilimo kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, awe muuzaji mwanaume au mwanamke.

"Mtavunja familia." Hili ndilo huniumiza, kwa sababu nalipenda boma letu. Lakini amani inayodumu kwa sharti kwamba mimi peke yangu ninyamaze haikuwa amani. Na angalia kosa linaitwa nani: anayechukua vya watano akavifanya vya wawili ni mwana mwema, anayeuliza ndiye mvunja familia.

Tena wanaosema eti ni maumbile, kwamba duniani kote mali hufuata mwanaume, watembee kidogo. Magharibi mwa Sumatra, Indonesia, Waminangkabau hupitisha mashamba ya mpunga ya ukoo na nyumba kubwa za familia kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na hao ni Waislamu wenye misimamo. Karibu zaidi, Ngazidja katika visiwa vya Komoro, nyumba na ardhi ya familia hufuata upande wa wanawake, na mwanaume akioa huhamia kwa mkewe. Tanzania, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alikuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, sawa na mwanaume. Dunia haikuanguka. Mpunga bado unaota.

Sasa nigeuke kwa kaka zetu wa mjini, maana ninyi ndio niliokuja kuzungumza nanyi hasa. Wazee nawaelewa, walilelewa hivyo. Wewe je? Unakaa Roysambu au Rongai, umesoma, una maoni kuhusu kila kitu. Juni 2024 ulikuwa barabarani na Katiba kwenye simu, ukimsomea polisi Kifungu cha 37 kuhusu haki ya kuandamana. Nilikuwa huko pia. Kifungu cha 27 kiko kurasa chache tu nyuma. Mbona hicho hukikumbuki ukivuka daraja kurudi nyumbani?

Wewe hukutuma fomu. Hukusema neno baya. Wewe ulikaa tu kimya kwenye kikao, ukaangalia simu, ukangoja baba mdogo amalize kusema unachokitaka ili baadaye uniambie pembeni, "Unajua mimi sina shida, ni wazee." Hati itakapotoka, hata hivyo, jina litakuwa lako. Wazee hawatalima. Bonasi haitaingia kwa wazee. Ukimya wako una ekari.

Na dada zangu, tujue kazi inavyofanyika, kwa sababu wizi huu hupita kwenye ofisi. Kesi ya mirathi huanza na barua ya chifu inayotaja wote waliobaki nyuma ya marehemu. Mabinti huachwa nje hapo, kwenye mstari mmoja wa barua, kwa hiyo omba kuiona barua yenyewe. Kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuna siku 30 za kupinga. Gazeti hilo linapatikana bure kwenye mtandao. Tafuta jina la baba yako. Mgawanyo wa mwisho huthibitishwa na mahakama baadaye, na hakimu anatakiwa kujua kila mtoto yuko wapi na anapata nini. Aliyeficha watoto ili apate hati ya usimamizi anaweza kufutiwa hati hiyo hata baada ya miaka. Na anayeuza au kukata mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa mamlaka ametenda kosa la jinai, awe mtoto wa kwanza au wa mwisho.

Usisaini kitu ulichotumiwa kwa picha. Usisaini kwa sababu ni Ijumaa. Usisaini kwa sababu mama analia, maana mara nyingi mama analia akiogopa atafukuzwa, na sahihi yako ndiyo itakayorahisisha kumfukuza.

Sitaki shamba lote. Sitaki kumhamisha mtu. Nataka mama abaki mwenye nyumba mpaka siku yake ifike, na baada yake majina matano yaandikwe kwenye hati, kwa mafungu sawa. Nataka siku moja nikitaka kupanda miti ya parachichi mia moja kwenye sehemu yangu, nisiombe ruhusa kwa mtu niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu. Nataka binti yangu, akiulizwa kwao ni wapi, asianze na maelezo.

Kikao kingine ni Desemba, chini ya mti ule ule. Baba mdogo atafungua kwa maombi, halafu ataanza kusema mila. Kaka, kabla hajamaliza, sema wewe kwanza.